Jino lililokaa juu ya redio

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta namna ya kuokoa hifadhidata iliyoharibika, au kusoma malalamiko yangu kuhusu programu zinazojifunga zenyewe. Leo naweka kodi pembeni. Nataka kuwaeleza habari ya jino moja la nguruwe, na kwa nini lilinifanya nisome mambo ya visukuku usiku kucha kwa muda wa miezi mitatu, wakati nilikuwa na kazi ya mteja ya kumaliza.

Jino lenyewe lilikaa juu ya redio ya khocha wangu kule Misikhu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. (Khocha ni mjomba, kwa Kibukusu.) Khocha alikuwa dereva wa lori. Alipakia mahindi Kitale akayapeleka Lodwar, na baada ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma kufunguliwa mwaka 1992 akawa anakwenda mpaka huko. Misikhu ipo kando ya barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, kwa hiyo kila safari lazima apite nyumbani, asimame, anywe chai, atuachie watoto kitu kidogo. Safari moja alishuka na jiwe la kahawia, zito, refu kama kidole changu cha shahada, lenye vinundu vilivyopangwa safu safu kama punje za hindi. Akasema ni jino. Sisi watoto tulibisha. Jino gani zito hivyo? Likawekwa juu ya redio, na hapo likabaki. Kazi yake ilikuwa kushikilia kitambaa kisipeperushwe na upepo.

Khocha alifariki mwaka juzi. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake, mkewe, ambaye sisi wote tunamwita Mama, alinipa lile jino nilishike. Nilimwambia kwa kujiamini sana, kama sisi watu wa kompyuta tulivyo, kwamba huenda hilo ni kisukuku, yaani mfupa uliogeuka jiwe, na linaweza kuwa na umri wa miaka milioni mbili au zaidi.

Mama ni mtu wa kanisa na mtu wa hesabu. Ameuza mahindi sokoni miaka mingi na hajawahi kupunjwa. Hakukasirika wala hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Nani alihesabu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua namba, sikujua zilikotoka. Mwandishi wa programu anayetumia namba asiyojua chanzo chake anajua aibu yake. Nikarudi mjini na swali hilo mfukoni.

Nianze na mfupa. Mnyama akifa porini, fisi, mchwa, jua na mvua humaliza kazi, na baada ya miaka michache hakuna kitu. Mara chache sana hufa kando ya mto au ziwa, akafunikwa na matope haraka. Maji yenye madini hupenya kwenye mfupa taratibu na kuacha madini ndani yake, hadi umbo linabaki la mfupa lakini uzito unakuwa wa jiwe. Meno hudumu kuliko vitu vingine kwa sababu ganda lake ni gumu tangu mwanzo. Ndiyo maana wanyama wengi wa kale tunawajua kwa meno tu.

Sasa umri. Jiwe la matope halina saa ndani yake. Bahati ya Afrika Mashariki ni volkeno. Mlima Elgon, ambao sisi tunauita Masaba na ambao unauona vizuri ukiwa Misikhu asubuhi isiyo na mawingu, ni volkeno iliyozimika. Upande wa Uganda, kwenye miteremko yake pale Bukwa, kuna visukuku vya wanyama wa karibu miaka milioni 19 iliyopita. Na ndani ya pango la Kitum, upande wetu, kuna magogo yaliyogeuka mawe, yamekwama kwenye ukuta. Nilipelekwa huko nikiwa shule ya msingi, na kitu nilichokumbuka ni popo tu. Watoto hawana akili.

Majivu ya volkeno yanaposambaa juu ya nchi hulala kama shuka, na yana saa. Ndani ya punje zake kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu ya asili hubadilika yenyewe polepole, na mojawapo ya mazao ya mabadiliko hayo ni gesi ya agoni. Kasi yake inajulikana: nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukiganda, agoni inayozaliwa hunaswa ndani. Kwa hiyo kuganda ni kama kubonyeza kitufe cha kuanzisha saa kutoka sifuri. Pima potasiamu iliyobaki, pima agoni iliyonaswa, piga hesabu. Kisukuku kilicho chini ya shuka hilo ni cha zamani kuliko majivu, na kilicho juu yake ni cha baadaye. Kikiwa katikati ya mashuka mawili, umekibana.

Nilidhani hilo ndilo jibu la Mama. Kisha nikasoma kisa cha majivu yanayoitwa KBS, nikaona swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri.

Mwaka 1969, mashariki mwa ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, msomi kijana wa jiolojia, Kay Behrensmeyer, alipata zana za mawe kwenye tabaka la majivu huko Koobi Fora. Mahali pakaitwa kwa herufi za jina lake, na majivu yakachukua jina hilo. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Kipimo cha kwanza kilileta umri wa miaka milioni 221. Umesoma vizuri: mia mbili ishirini na moja. Enzi za dinosaria! Ilikuwa wazi kwamba kuna kosa. Majivu yale hayakutua moja kwa moja kutoka angani; mto uliyabeba, na njiani ukayachanganya na punje za miamba ya zamani zaidi. Wewe unayefanya kazi na kompyuta unalijua tatizo hili. Umenakili faili kutoka mashine nyingine, na tarehe inayoonekana si ya leo bali ni ya zamani ilikotoka.

Wakachagua punje safi zaidi, wakapima upya, wakatangaza mwaka 1970 umri wa karibu miaka milioni 2.6. Hiyo ilionekana ya busara, na ikakubaliwa.

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa Wakenya wa kikosi cha Richard Leakey, aliona vipande vya mfupa kwenye korongo, chini ya tabaka la KBS. Vipande zaidi ya 150 viliunganishwa kwa wiki nyingi, Meave Leakey akiwa mmoja wa waunganishaji, likatokea fuvu lenye ubongo mkubwa kwa wakati wake. Fuvu hilo linaitwa KNM-ER 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu ya miaka milioni 2.6, likapewa karibu miaka milioni 2.9. Dunia nzima ikatikisika. Kama mtu mwenye ubongo wa namna ile aliishi zamani hivyo, basi viumbe wengi waliodhaniwa kuwa wazee wetu hawakuwa wazee wetu. Walikuwa majirani tu. Ukoo wote ulipaswa kuchorwa upya.

Hapo ndipo nguruwe walipoingia, na hapo ndipo nilipoacha kabisa kazi ya mteja.

Kaskazini mwa ziwa, ng'ambo ya mpaka, bonde la mto Omo nchini Ethiopia lina matabaka marefu yaliyopangana vizuri, majivu juu ya majivu, kila moja na umri wake. Basil Cooke, bingwa wa nguruwe wa kale, alichunguza meno ya nguruwe pori wa Omo kutoka tabaka la chini hadi la juu. Aliona jambo dogo lenye nguvu kubwa. Gego la mwisho la aina moja ya nguruwe lilizidi kurefuka kadiri muda ulivyosonga. Mageuko yanaonekana waziwazi hapo, tabaka kwa tabaka, bila kuhitaji imani wala mdahalo. Ukipanga meno hayo mezani kwa mfuatano wa matabaka, unaona mnyama akibadilika. Katika kazi yetu tungesema kila jino lina namba ya toleo.

Kisha akatazama nguruwe wa Koobi Fora waliochimbwa chini ya KBS. Kama majivu yalikuwa ya miaka milioni 2.6, nguruwe wale walipaswa kufanana na wa Omo wa umri huo au zaidi. Hawakufanana. Walifanana na wa Omo wa miaka milioni 2 hivi. Ama nguruwe wa Kenya walibadilika mapema kuliko ndugu zao walioishi safari ya siku chache kaskazini, ama saa ya majivu ilikuwa mbovu.

Ubishi ulidumu karibu miaka kumi, na haukuwa wa upole. Kulikuwa na watu wenye majina, wenye fedha za utafiti, wenye fuvu lililokwisha kuandikwa magazetini. Upande mmoja ulikuwa na mashine za kisasa za maabara, upande wa pili ulikuwa na magego ya nguruwe. Garniss Curtis wa Berkeley alipima sampuli nyingine mwaka 1975, akapata umri chini ya milioni 2. John Harris na Tim White walipitia upya nguruwe wote, nao wakaunga mkono umri mdogo. Frank Brown na wenzake walilinganisha kemia ya majivu ya Koobi Fora na ya Omo, wakaonyesha ni shuka lilelile lililoanguka pande zote mbili. Kufikia mwaka 1980 vipimo vipya, vikiwemo vya Ian McDougall wa Australia, vilikubaliana kwenye karibu miaka milioni 1.9. Fuvu 1470 likashushwa umri kwa karibu miaka milioni moja. Nguruwe walishinda.

Nilimpigia Mama simu nikamweleza. Nilisema: walihesabu watu wenye mashine, wakakosea, wakasahihishwa na nguruwe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo anaweza kulielewa, kwa sababu hata yeye mizani ya sokoni haiamini mpaka apime na debe. Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya namna sayansi inavyofanya kazi.

Lakini tazama kitu kimoja ambacho nilikipita mara ya kwanza. Nguruwe walishinda kwa sababu gani? Si kwa sababu meno yao yalikuwa mazuri. Ni kwa sababu kila jino lilikuwa na mahali. Tabaka fulani, upande fulani wa korongo, juu au chini ya majivu fulani. Ondoa habari hiyo, na meno yote ya Omo ni kokoto kwenye kisanduku. Usingeweza kujua lipi linatangulia lipi.

Chukua yale majina yanayotisha, KNM-ER 1470. Mpenzi wa hifadhidata atayapenda. KNM ni makumbusho ya taifa ya Kenya. ER ni East Rudolf, mashariki mwa ziwa Rudolf. Ziwa lilibadilishwa jina kuwa Turkana mwaka 1975, lakini herufi ER zimebaki. Hakuna aliyethubutu kubadilisha ufunguo mkuu wa jedwali wakati maelfu ya rekodi nyingine zinautegemea. Nimewahi kufanya kazi na bosi mmoja aliyetaka tubadilishe funguo zote kwa sababu idara imepewa jina jipya. Natamani ningekuwa nimelijua ziwa Turkana wakati ule.

Vilivyochimbwa upande wa magharibi vina WT. Maarufu kuliko vyote ni KNM-WT 15000, kijana wa Turkana. Agosti 1984, kikosi kilikuwa kimepiga kambi kwenye mto mkavu wa Nariokotome. Siku ya mapumziko, Kamoya Kimeu, kiongozi wa wachimbaji, mtu wa Makueni aliyeanza kazi hii Olduvai mwaka 1960, alitembea kwenye mteremko wenye kokoto nyeusi, akaona kipande kidogo cha mfupa chenye rangi ileile ya kokoto. Kilikuwa kipande cha paji la uso. Mimi ningekikanyaga. Yeye alijua ni cha fuvu, na alijua pia la kufanya. Alama ikawekwa, wenzake wakaitwa, na eneo likachekechwa taratibu, msimu baada ya msimu. Ikatoka mifupa zaidi ya 100 ya mtoto wa kiume aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, mifupa kamili kuliko yote ya umri wake. Kama Kamoya angetia kile kipande mfukoni na kuendelea na matembezi, tungebaki na kipande cha mfupa tu. Mwaka 1985 alipewa nishani ya National Geographic na rais wa Marekani, Ronald Reagan, huko Washington. Alifariki mwaka 2022. Kuna nyani wa kale mwenye jina lake, Kamoyapithecus. Shuleni kwetu, ambako lori za kwenda Turkana zilipita mlangoni kila siku, hatukuwahi kufundishwa jina lake.

Kisa kingine kinaumiza zaidi mtu wa data. Mwaka 1964, kule Loperot, karibu na Lokichar, mtafiti Mmarekani James Mead alipata kichwa cha nyangumi. Nyangumi, Turkana! Kilomita zipatazo 740 kutoka pwani ya leo, mahali ambapo sasa mbuzi wanahangaika kupata maji. Kisukuku kilipelekwa Marekani, kikaandikwa mwaka 1975, kisha kikapotea. Hakikuibwa; kilihamishwa, kikawekwa mahali, na waliojua wakasahau. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyejua kiko wapi, hadi kilipoonekana tena Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011. Mwaka 2015 watafiti wakaeleza maana yake. Nyangumi huyo aliishi miaka milioni 17 iliyopita, akapotea njia akapanda mto kutoka bahari ya Hindi. Kama alifika hapo, basi nchi ilikuwa chini, karibu na usawa wa bahari, na mto ulikuwa mtulivu. Leo mahali hapo ni mita 620 juu ya bahari. Kwa hiyo nchi yetu ilianza kuinuka baada yake. Na kuinuka huko kulizuia mvua, kukaleta nyasi badala ya misitu, na mnyama mmoja mmoja akalazimika kubadilika, nguruwe na magego yake wakiwemo.

Kwa nini kisukuku kilichopotea miaka 30 kiliweza kusema yote hayo kilipopatikana? Kwa sababu karatasi yake haikupotea. Mahali palijulikana.

Vivyo hivyo na mnyama mwenye jina zuri kuliko yote, Simbakubwa kutokaafrika. Ndiyo, ni Kiswahili chetu hicho, kimeandikwa kwenye vitabu vya sayansi. (Hakuwa simba, ni ukoo mwingine uliokwisha kabisa, lakini alikuwa mkubwa kuliko dubu wa barafuni, kwa hiyo sehemu ya "kubwa" ni ya haki.) Taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, karibu mwaka 1980, likakaa kwenye droo Nairobi. Mwaka 2010 Matthew Borths, aliyekuwa anatafuta kitu kingine, alifungua droo hiyo. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens wakalitangaza, likiwa na umri wa karibu miaka milioni 22. Rekodi ilisubiri muda wote huo, na ilikuwa kamili.

Basi nikachukua jino la khocha. Nilianzia Kitale, kwa kuwa ndiko lori lilikotokea na kwa kuwa Kitale ina makumbusho ya zamani. Mwanzo wake ni mkusanyo wa mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926 na kuacha wosia, na mwaka 1974 yakafunguliwa kwa umma kama makumbusho ya kwanza ya taifa mikoani. Nilitembea humo nikitafuta jino linalofanana na langu. Baadaye, kupitia rafiki wa rafiki, nilipata mtaalamu wa visukuku aliyekubali kulitazama.

Alilishika muda mfupi tu. "Nguruwe," akasema. Nilicheka hadi nikaona aibu. Gego la mwisho, la nguruwe mkubwa wa ukoo uliokwisha, na kwa urefu wake na jinsi vinundu vilivyosimama, alikisia baina ya miaka milioni 2 na 3. Nilifurahi kama mtu aliyepata programu yake kufanya kazi mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Limeokotwa wapi?"

Hapa ndipo penye uchungu. Khocha alikuwa msimuliaji mzuri, na msimuliaji mzuri ni shahidi mbaya. Alitupa hadithi tatu. Katika ya kwanza, gurudumu lilipasuka baada ya Lokichar, akaliona akitafuta jiwe la kuzuia lori lisirudi nyuma. Katika ya pili, lori lilikwama kwenye mchanga wa laga kaskazini kabisa, njia ya kwenda Lokitaung, akalala hapo siku mbili. Katika ya tatu, ambayo aliwasimulia wajukuu, mzee wa Kiturkana alimpa wakabadilishana na tumbaku.

Mtaalamu alitabasamu. Alisema kama ni maeneo ya Loperot, angetegemea wanyama wa zamani zaidi, wa siku za yule nyangumi, si nguruwe huyu. Hadithi ya kwanza ikapungua nguvu. Ya pili inawezekana, maana magharibi mwa ziwa kuna matabaka ya umri huo. Lakini ya tatu inafungua mlango wote, kwa sababu yule mzee naye aliliokota mahali, na hapo panaweza kuwa popote.

Nikasema, lakini si umelijua umri wake bila kujua mahali? Akanijibu kwa upole. Nimejua kwa sababu ya meno mengine yaliyoandikwa mahali. Hilo lako limekopa umri kwao. Haliwezi kuwarudishia kitu. Siwezi kulitumia kusema nguruwe hawa walifika wapi, wala walikwisha lini, wala kurekebisha kosa kama la KBS. Linathibitisha tu tunachokijua tayari, na hata hilo haliwezi kuthibitisha, maana tumelitumia tunachokijua kulipima. Ni mzunguko usiotoka, kama programu inayojiita yenyewe bila mwisho.

Aliniambia pia, bila kunitisha, kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu vitu hivi kuwa mali ya taifa na haviruhusiwi kuhamishwa bila kibali. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa Turkana, au Rusinga, au Baringo, ukaona mfupa wa jiwe, usiuokote. Weka kalamu au funguo kando yake ili ukubwa ujulikane, piga picha, acha simu irekodi mahali, kisha uwapelekee habari makumbusho. Simu yako inajua ulipo kwa hatua chache. Khocha alikuwa na daftari la mafuta na kilomita tu, na hilo daftari nimelisoma ukurasa kwa ukurasa nikitafuta siku mbili zisizo na kilomita. Nilizipata mara kumi na moja. Barabara ile ilikuwa mbaya sana.

Ilibidi nimwambie Mama kwamba jino linapaswa kukabidhiwa. Nilisafiri kwenda Misikhu kwa ajili hiyo, sikutaka kusema kwa simu. Nilimkuta anachambua maharagwe uani. Nilimweleza nguruwe, miaka, sheria, na jinsi lisivyoweza kusema mengi kwa sababu hatujui lilikotoka. Nilimwambia nadhani ni hadithi ya pili, ya laga.

Akasema, "Hapana. Ya pili aliitunga. Siku hizo mbili alikuwa hapa nyumbani, mtoto wetu alikuwa mgonjwa, hakutaka tajiri wa lori ajue."

Tukakaa kimya. Nilitoa kompyuta, nikafungua jedwali nililotengeneza, lenye safu za aina, urefu, uzito, aliyeokota, mahali, tarehe. Nikamwonyesha safu ya mahali na kumwambia itabidi tuiache tupu, au tuandike "hapajulikani".

Mama aliitazama skrini muda mrefu. "Aliyeokota umeandika jina lake?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi hapo andika hapajulikani. Lakini ongeza safu nyingine, uandike lilikaa wapi." Akaingia ndani, akatoka nalo limefungwa kwenye kile kitambaa cha redio, akaniwekea mkononi pamoja na kitambaa chake.